Vidung'ata kwenye mipapai na mihogo: kabla hujanunua dawa, mjue kwanza unayempiga

Fundi wa Buhongwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Mimi si bwana shamba. Ni fundi umeme, nina mipapai 40 nyuma ya nyumba hapa Buhongwa, na mama yangu ana ekari moja na nusu ya mihogo kule Misungwi. Nimepoteza mipapai 11 na hela ya dawa mara nne, wakati jibu lilikuwa chini ya jani siku zote. Uzi ni mrefu, wekeni chai karibu.

Mwezi wa saba, jua limeshika, vumbi la barabara ya Shinyanga limejaa kila mahali, nikaona vitu vyeupe vimefuata mishipa ya majani ya mpapai kwa chini. Nikajua ni pamba. Msinicheke. Huku kwetu msimu wa kuuza pamba malori yakipita yanaacha manyoya kwenye miti ya barabarani, na mtu aliyekulia Usukumani akiona kitu cheupe chenye nyuzi hana jina lingine la kukipa. Nikapita zangu.

Baada ya wiki mbili ile "pamba" ilikuwa imefika shingoni mwa matunda. Shemeji akaja, akatazama kwa mbali mikono mfukoni, akasema huo ni ukungu. Nikapiga dawa ya ukungu mara mbili. Wapi! Nikaenda duka la pembejeo, kijana wa pale hakuniuliza mmea gani wala mdudu gani, aliuliza nina shilingi ngapi. Akanipa dawa kali ya wadudu. Nikapiga mara mbili tena, bomba la lita 16 mgongoni, kitambaa puani. Siku tatu za kwanza nilifurahi sana, maana chini ya miti palijaa mizoga. Wiki ya tatu weupe ukarudi maradufu. Majani machanga yakajikunja, matunda yakawa yananata kama yamemwagiwa soda, kisha yakashika weusi. Nikapeleka ndoo mbili sokoni hivyo hivyo, mama mmoja muuzaji akayageuza geuza akaniuliza, "Mwanangu, haya umeyaivishia jikoni kwenye kuni?"

Aliyenifungua macho ni bibi jirani yangu. Hakujua jina la mdudu wala dawa. Alikuja kuomba maji, akasimama chini ya mpapai, akauliza: "Hawa sisimizi wanapanda huku kufuata nini?"

Nikainama nikawafuata sisimizi. Walinipeleka moja kwa moja kwenye weupe.

---

Fundi wa Buhongwa

Naendelea.

Nilichokuta, baada ya kuchokonoa ile "pamba" kwa kijiti cha meno, ni wadudu. Laini, umbo la yai lililobanwa, urefu wa milimita mbili au tatu, wamejipaka unga mweupe kama mandazi yaliyogaragazwa kwenye unga wa ngano. Pembeni mwa mwili wana vijinyuzi vifupi vifupi. Ukimgusa anasogea, ila kwa uvivu wa hali ya juu. Pembeni yao kuna vifuko vya nyuzi nyeupe, ukivipasua unakuta mayai madogo ya rangi ya manjano yenye ukijani. Hawa ndio vidung'ata.

Ule unga si urembo, ni nta. Ndiyo maana dawa yangu ya maji ilikuwa inateleza kama mvua kwenye bati. Na mayai yamefungwa ndani ya kifuko cha nta hiyo hiyo, kwa hiyo hata ukiua wazazi wote leo, watoto wanatoka wiki ijayo wanakuta nyumba ni yao. Kidung'ata wa mpapai jike anataga kati ya mayai 100 na 600. Siku kama kumi yanaanguliwa, na katika joto kama letu ndani ya mwezi hivi aliyezaliwa naye anataga. Pigeni hesabu wenyewe mwezi wa saba mpaka wa tisa.

Sasa utamu. Kidung'ata anachoma mdomo wake kwenye mshipa wa mmea unaopitisha chakula na kufyonza. Maji yale yana sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo ili apate protini ya kutosha anakunywa kupita kiasi na sukari iliyozidi anaitoa nyuma. Hiyo ndiyo inayonata. Sisimizi wanaifuata, wanailamba, na kwa malipo hayo wanakuwa walinzi: mdudu yeyote anayekuja kula vidung'ata wanamfukuza. Ikibaki juu ya jani au tunda, inaota ukungu mweusi kama masizi. Ukungu huo hauli mmea, unaziba mwanga tu, ila mteja sokoni hatakusikiliza ukimweleza hayo.

Kwa hiyo shemeji hakukosea sana. Ukungu ulikuwepo kweli. Ila ulikuwa mweusi, na ulikuwa mgeni wa mgeni.

---

Mchokozi wa Igoma

Mkuu yaani umelinda pamba shambani miezi miwili bila kupeleka AMCOS, chama cha ushirika? 😂

---

Fundi wa Buhongwa

Wewe ngoja ikufikie.

---

Mama Maua Kirumba

Kaka asante kwa uzi. Mimi nina maua barazani, kwenye ndoo na makopo. Kuna kitu cheupe kwenye makutano ya jani na shina, nakifuta kinarudi. Na ua moja la miiba nimeling'oa jana likawa na unga mweupe kwenye mizizi, udongo wenyewe mkavu. Ndio hao hao au nimeweka chokaa bila kujua? Nashindwa kutofautisha na wale wengine wadogo wa kijani.

---

Fundi wa Buhongwa

Dada yangu, mimi sasa nina kautaratibu. Sigusi bomba kabla sijafanya haya.

Kwanza natikisa tawi. Wakiruka vijipepeo vidogo vyeupe na kurudi kutua, hao ni nzi weupe, habari nyingine. Kisha nachukua kijiti cha meno nasugua ule weupe. Ukitoka kama vumbi na chini yake ni jani tupu, huo ni ukungu. Kikipasuka kitu na kutoa maji, huyo ni mdudu. Akiwa mgumu kama gamba, ameganda, unamchomoa kwa ukucha na gamba linabanduka peke yake, huyo ni kidugamba. Wale wako wa kijani ni vidukari, hawana pamba, wana miguu mirefu na vijibomba viwili nyuma kama bomba za moshi za pikipiki. Nao wanatoa utamu, nao wanafugwa na sisimizi, kwa hiyo sisimizi peke yao hawatoshi kukuambia ni nani. Wanakuambia tu mahali pa kuangalia.

Hilo la mizizi, ndiyo, wapo vidung'ata wanaoishi chini ya udongo. Hao ni wabaya kwa sababu juu mmea unaonekana una kiu tu, unanyauka, unazidi kumwagia maji. Toa mmea kwenye kopo, osha mizizi, udongo ule usiurudishe kwenye ua jingine, na kopo lioshe kwa maji ya moto. Kwa wale wa juu, maadamu ni maua machache, chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya duka la dawa, mguse mmoja mmoja. Spiriti inayeyusha nta. Jaribu jani moja kwanza, mengine yanaungua. Na rudia kila wiki, usifanye mara moja ukatangaza ushindi.

---

Mama Maua Kirumba

Nimegusa mmoja mmoja mpaka mume wangu ameniuliza kama natibu kuku. Asante kaka.

---

Mjukuu wa Nansio

Wakuu mimi niko Ukerewe, upande wa mihogo. Huku kwetu mihogo ndiyo kila kitu, udaga na kisamvu, ukiguswa mihogo umeguswa wewe. Shamba la babu lina dalili hizi: majani ya juu yamebanana kama kabichi, pingili za shina zimefupika, shina lenyewe limepinda pinda. Mengine majani yameanguka yote kimebaki kijiti na kishada kidogo kichwani. Wazee wanasema ni batobato. Mimi nimeona weupe kidogo kwenye kile kishada. Sasa ni lipi?

---

Bwana Shamba Mstaafu

Mjukuu, umeeleza vizuri kuliko wengi waliokuwa wanakuja ofisini kwangu na jani moja lililokauka kwenye mfuko.

Batobato ni ugonjwa wa virusi, unaenezwa na nzi weupe na kwa kupanda vipando vyenye ugonjwa. Jani linakuwa na mabaka ya njano na kijani, limekunjamana, na mabaka hayo unayaona hata kwenye majani ambayo hayana mdudu yeyote. Kidung'ata wa mhogo yeye anaacha jani na rangi yake, anachoharibu ni umbo: ncha inabanana, pingili zinafupika, na kiangazi kikiwa kikali majani yanapukutika mpaka shamba linakuwa kama mishumaa imechomekwa ardhini. Pasua kile kishada kwa vidole. Ukikuta wadudu weupe ndani, umempata. Usishangae ukikuta vyote viwili kwenye shina moja, mhogo haukatai mgeni.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo la maana: wabane wale wadudu uone rangi ya mwili chini ya unga. Kidung'ata wa mhogo ana rangi ya waridi. Kidung'ata wa mpapai ni wa manjano, naye siku hizi anapanda mihogo pia. Weupe wao ukiutazama kwa juu juu ni ule ule.

---

Mjukuu wa Nansio

Shikamoo mzee. Rangi ina umuhimu gani lakini? Si wote wanakufa kwa dawa moja?

---

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Nitakujibu kwa kisa cha jirani zetu wa ziwa hili hili.

Miaka ya 1920 kahawa ya milimani Kenya ilivamiwa na vidung'ata vibaya sana. Wataalamu wa wakati ule wakawatazama wakasema hawa tunawajua, ni aina ile ya siku zote. Wakaagiza wadudu-marafiki kutoka Asia, wanaokula aina hiyo, wakawaachia mashambani. Wale wageni hawakushughulika nao. Miaka ikapita, watu wanafunga mikanda yenye gundi kwenye mashina ya mikahawa kuzuia sisimizi, kazi ya mkono mti kwa mti. Ndipo mtaalamu mmoja, Le Pelley, mwaka 1935 akaonyesha kwamba huyu ni mdudu tofauti kabisa, akampa jina lake. Wakajiuliza, kama si wa Asia ni wa wapi? Wakamkuta Uganda, hapo jirani, anaishi kwa adabu bila kusumbua mtu kwa sababu kuna nyigu wadogo wanaomdhibiti. Mwaka 1938 wakapeleka nyigu wale Kenya, na balaa likashuka.

Na kwa mhogo hali ilikuwa hiyo hiyo. Kidung'ata wa mhogo alionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea Afrika yote ya mihogo. Asili ya mhogo ni Amerika ya Kusini, basi wakaenda kutafuta adui yake huko. Upande wa kaskazini mwa bara lile wakapata kidung'ata anayefanana naye, wakaleta nyigu wake, hawakufaa: alikuwa pacha wa sura tu, mwili wa manjano, ana madume na majike. Wetu ni wa waridi na hana dume kabisa, jike anazaa majike bila mume. Mwaka 1981 akapatikana wa kweli, Paraguay. Nyigu aliyekuwa naye huko ndiye aliyeletwa Nigeria mwaka huo huo na IITA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, akaenezwa nchi baada ya nchi, hata kwa ndege. Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Wewe unaniuliza rangi ina umuhimu gani. Ilichukua watu wenye hadubini miaka mingi kwa kukosea hilo hilo.

---

Kahawa Muleba

Mzee umenikumbusha baba. Kwenye robusta zetu huwa wanajificha katikati ya kichala cha matunda, pale punje zinapobanana, huwaoni mpaka uvune. Sisi tukiona sisimizi wamejenga vibanda vya udongo kwenye kichala tunajua ndani kuna mifugo.

---

Kijana wa Nyegezi

Uzi mzuri ila mnazunguka sana. Majivu. Bibi yangu alikuwa anamwaga majivu ya jikoni na hakuwahi kujua kidung'ata ni nini. Piga majivu, kwisha habari.

---

Fundi wa Buhongwa

Majivu nilijaribu mkuu, mti mmoja. Nilipata vidung'ata weupe wenye majivu meupe, nikashindwa kujua yupi ni yupi.

Ila bibi yako hakuwa mjinga. Nadhani kilichomsaidia si majivu, ni kwamba hakuwahi kupiga sumu, kwa hiyo wale wanaokula vidung'ata walikuwepo kila siku. Mimi ile mizoga niliyofurahia chini ya mipapai, niliikusanya siku moja kwenye karatasi nikaiangalia vizuri. Kulikuwa na wale wadudu wa mviringo mgongo mwekundu wenye madoa, nyigu wadogo, buibui, nyuki wawili. Kidung'ata hata mmoja sikumkuta. Niliua polisi wote nikawaacha wezi wamelala na mablanketi yao.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Fundi, umelisema hilo vizuri. Naongeza tahadhari ambayo imewagharimu wengi. Mkiwa mnaponda vidung'ata kwa mkono, mtakutana na mmoja mkubwa kuliko wenzake, mwenye nyuzi nyeupe ndefu zimetapakaa kama manyoya ya paka aliyeloana. Mchokoe. Akikimbia, mwacheni! Huyo ni mtoto wa mdudu mgongo-mviringo wa jamii ile ile uliyoitaja, amevaa nta ili aonekane kidung'ata, na anakula ndugu zake wa bandia mmoja baada ya mwingine. Kidung'ata wa kweli hana haraka hata kidogo.

Kuna na kipepeo mdogo wa kijivu, wa kwetu Afrika, ambaye kiwavi wake hali majani, anakula vidung'ata tu, naye anajipaka nta yao mgongoni. Akigeuka bundo, yaani ile hatua ya kutulia kabla hajawa kipepeo, bundo lile ukilitazama kwa juu lina uso. Macho, pua, mdomo. Uso wa nyani kabisa. Nilipoliona mara ya kwanza nilikuwa peke yangu shambani jioni, nikarudi nyumbani kabla ya saa.

---

Mchokozi wa Igoma

Mzee hapo sasa naacha kilimo rasmi.

---

Kijana wa Nyegezi

Sawa nimeelewa. Sasa aliyeharibikiwa tayari afanyeje? Asimame tu aangalie wadudu wenye uso wa nyani?

---

Fundi wa Buhongwa

Nilichofanya mimi, chukueni kama kilivyo.

Miti 11 iliyokuwa imezidiwa mpaka kichwa kimekufa nilikata nikachoma pale pale. Sikuburuta kupita kwenye mingine, maana vidung'ata wachanga ndio wanaotembea na kuenea: wanabebwa na upepo, na nguo, na panga, na ndoo. Mimi mwenyewe nadhani ndiye niliyekuwa nawasambaza, navuna mti mmoja naegemea mwingine. Majani na matunda yaliyojaa kwenye miti iliyobaki niliyatoa nikayachoma pia.

Kisha sisimizi. Nilizungushia shina utepe wa plastiki nikapaka grisi juu yake. Juu ya utepe, jamani, grisi ikigusa gome inaunguza mti. Nikahakikisha hakuna jani wala jiti linaloegemea na kuwapa daraja. Hiyo peke yake, bila dawa, ndani ya wiki mbili niliona tofauti, kwa sababu walinzi wakiondoka wale wanaokula wanaingia.

Yaliyobaki ni maji na sabuni. Bomba la maji lenye presha chini ya majani asubuhi, maana mvua ndiyo adui wao wa asili, ndiyo sababu masika hamsikii habari zao na kiangazi wanatamba. Jioni sabuni ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita, napiga chini ya jani mpaka inachuruzika. Si sabuni ya unga, hiyo inaunguza majani. Narudia kila baada ya siku saba, mara nne, ili niwakute waliokuwa ndani ya mayai wakiwa wametoka bila blanketi. Mdogo kabisa ana nta kidogo sana, sabuni inampata. Mkubwa anakucheka.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Kwa mihogo hiyo sabuni haitekelezeki ekari nzima, na sumu sishauri, kisamvu kinachumwa kila siku na mtoto anayetumwa kuchuma hakumbuki ni lini mlipiga. Kwa mihogo kazi kubwa iko kwenye vipando. Usichukue vipando kwenye shamba lenye ncha zilizobanana, hata ukipewa bure. Ukiwa na wasiwasi, chemsha maji, changanya sawa kwa sawa na maji baridi, yaani ndoo ya yanayochemka na ndoo ya baridi, tumbukiza vipando dakika tano hadi kumi, kisha panda siku hiyo hiyo. Na panda mapema mvua za kwanza, mhogo uwe umeshiba kabla kiangazi hakijaja. Ncha chache zilizobanana mwanzoni mwa kiangazi zikate uzichome, ila usikate ovyo, ndani ya vile vishada na marafiki wamo.

---

Mama Misungwi

Mwanangu Fundi, kumbe uzi ni wa kwako. Binti wa dada yako amenisomea. Kwa nini mihogo yangu unaitangaza mtandaoni na hujaja kuitazama tangu Sabasaba?

---

Mchokozi wa Igoma

😂😂😂 Shikamoo Mayu.

---

Fundi wa Buhongwa

Shikamoo Mama. Jumamosi nakuja.

---

Fundi wa Buhongwa

MREJESHO. Zimepita wiki tano.

Kwanza, yule mdudu wangu. Niliweka watano kwenye kizibo chenye spiriti, kama alivyonielekeza mzee kwenye ujumbe. Siku ya pili walikuwa wamegeuka rangi ya bluu nzito inayoelekea nyeusi, kama wino. Mzee anasema hiyo ni tabia ya kidung'ata wa mpapai, ambaye kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwa hiyo nimekuwa nikipigana na mgeni wa mbali kabisa kwa dawa ya ukungu.

Pili, mihogo ya Mama. Nilikwenda. Mabaka ya njano kila jani, weupe hakuna hata mmoja. Batobato. Na Mama alikuwa anajua muda wote, alitaka tu niende.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nirudi hapa. Kwenye mipapai minne ya mwisho, ile niliyoiwekea grisi na sikuipiga sabuni kwa sababu ngazi ilikuwa haifiki, vidung'ata wengi wamebadilika. Si weupe tena. Wamevimba, wamekuwa wa kahawia, wagumu kama punje ya mtama uliokauka, na kila mmoja ana tundu moja la mviringo mgongoni, safi kama limetobolewa kwa sindano. Nikaweka jani lenye wale ambao hawajatobolewa kwenye chupa ya maji, nikafunga mdomo kwa kitambaa cha shuka. Siku ya nne ndani kulikuwa na nyigu wadogo, wadogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Walitokea ndani ya vidung'ata.

Nimewafungulia kitambaa chini ya mpapai ulio mbaya zaidi.

---

Mjukuu wa Nansio

Mkuu! Nitumie hayo majani, nakuja Mwanza Alhamisi, narudi na kivuko cha jioni. Nitakulipa hata nauli ya bodaboda.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Hapana, hapana. Usivushe majani yenye vidung'ata kwenda kisiwani. Utabeba nyigu 20 na vidung'ata 200. Kama ni kubeba, wasubiri watoke chupani kwanza, ubebe nyigu peke yao. Halafu hujanijibu swali langu la siku ile. Ulipobana wadudu wa babu yako walikuwa rangi gani?

---

Mjukuu wa Nansio

Nimetoka shambani sasa hivi mzee. Nimebana kumi. Wote wa waridi.

---

Bwana Shamba Mstaafu

Basi nyigu wa Fundi hawatakusaidia kitu, wao ni wa mdudu wa manjano. Wako watakuwa huko huko kisiwani. Tafuta shamba la mihogo ambalo halijawahi kupigwa sumu, la mzee mvivu yeyote, uangalie vishada vyake kama kuna maganda ya kahawia yenye tundu.

---

Mjukuu wa Nansio

Mzee mvivu yupo, ni mjomba wangu. Naenda na chupa.